Majenerali wa Kibanda cha Jairo

Kila alipotoka shule, Ferista alipitia kwanza kwa mama yake, Aida, aliyekuwa akiuza wali na maharage kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Alivua viatu vya shule asivichafue, akaosha sahani, akawapelekea madereva maji ya kunawa. Kazi ikipungua, mama yake alimkabidhi simu.

"Kaichaji kwa Jairo," alimwambia. "Na usikae huko."

Chumba walichopanga pale Tunduma hakikuwa na umeme, kwa hiyo simu ilipelekwa kwa Jairo kila jioni. Neno "usikae huko" Ferista alilisikia kila siku, na kila siku alikaa.

Kibanda cha Jairo kilikuwa cha mbao na bati. Ndani, simu za watu zilipangwa mezani kama dagaa walioanikwa. Nje palikuwa na benchi refu, na juu ya benchi hilo ndiko vita vilikopiganwa.

Mwaka huo, 2013, Tanzania na Malawi zilikuwa zikivutana kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa. Viongozi walikuwa wakikutana na kuzungumza polepole, kama watu wazima wanavyozungumza juu ya mpaka wa shamba. Kwenye Facebook hapakuwa na subira hiyo. Huko vita vilikuwa vimeshaanza, vimeshapiganwa, na kila upande ulikuwa umeshinda mara nyingi bila mtu hata mmoja kuinuka alipokaa.

Mkuu wa majeshi pale benchini alikuwa Efraimu, mbadilishaji wa fedha, mtu mwenye kofia nyekundu na sauti kubwa. Efraimu hakuwahi kuchinja hata kuku. Nyumbani kwake kuku walichinjwa na mkewe, naye akasubiri ndani mpaka kelele ziishe. Lakini akishika simu, alichoma miji.

"Ferista, njoo utusomee," alisema jioni moja. "Macho yako mapya. Hawa watu wanaandika herufi kama mayai ya chawa."

Ferista alisogea. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na alipenda sana kuitwa na watu wazima. Akasoma maoni ya watu chini ya habari ya ziwa. Mmoja wa Dar es Salaam aliandika, "Wiki moja tu, tunakunywa chai ng'ambo." Wa Mwanza akajibu, "Wiki ya nini? Siku mbili. Tulimtoa nduli, hawa ni nani?" Mwingine aliuliza Ileje iko mkoa gani. Akaambiwa iko Zambia, akashukuru, akaendelea kutangaza vita. Watu wa upande wa pili nao walijibu kwa matusi ya Kiingereza, na wao pia walikuwa wameshafika Dodoma.

"Safi," alisema Efraimu. "Nchi ina wanaume."

"Wanaume wenye bando," alisema Jairo huku akichomeka simu ya mtu. Kisha naye akaomba asomewe zaidi.

Efraimu akamgeukia Ferista, akamtazama kama mtu anayekagua noti.

"Hivi wewe, mama yako si wa kule kule Malawi? Juzi nilimsikia anaongea na simu, Kindali kitupu."

"Kindali kiko huku na kiko huko, kaka," Jairo alisema.

"Ndiyo hayo ninayosema. Mtu wa huku na huko ni wa wapi? Wanaume, kumbe tunalishwa maharage na jasusi."

Benchi zima likacheka. Ferista alihisi masikio yakimwaka.

"Mama ni wa Ileje," alisema.

Ulikuwa ukweli nusu. Mama yake alisoma Ikinga, wilayani Ileje, lakini alizaliwa ng'ambo ya pili ya mto Songwe, upande wa Malawi, katika kijiji ambacho ukisimama Ikinga unaona moshi wa majiko yake. Babu yake Ferista alikuwa anaishi huko hata siku hiyo. Kila likizo Ferista alivuka kwenda kwake, akala ndizi zake, akalala kwenye mkeka wake. Sasa, mbele ya watu waliokaa kwenye ubao, alimkana.

Siku ya pili yake ilikuja picha kwenye simu ya mama. Ilitumwa kwa Ferista na binamu yake Teresia, wa Ikinga. Ilionyesha wanawake wengi wakivuka mto kwa miguu, vitenge vimefungwa viunoni, vichwani wamebeba mikeka, masufuria, ndoo za unga na mizigo ya kuni. Mmoja alikuwa na kuku kwapani. Chini Teresia aliandika, "Tunaenda msibani ng'ambo, mzee wa kanisa amefariki. Maji yanafika magotini tu."

Mtu yeyote wa kingo zile angeielewa picha hiyo bila maneno. Kule, mtu akifa upande mmoja, wanawake wa upande wa pili huvuka na vyakula vyao, vyombo vyao, malazi yao na kuni zao, wasije wakawaelemea wafiwa. Wanalala huko mpaka msiba uishe. Ferista mwenyewe aliwahi kubeba sufuria katika msafara kama huo.

Lakini benchi la Jairo lilikuwa bado linamcheka masikioni. Akafungua Facebook kwa jina alilojitungia, Binti Mzalendo, akaingia katika kundi la watu wa mpakani, akaiweka ile picha na maneno yake mwenyewe: "HABARI MBAYA. Wanajeshi wa Malawi wamevuka mto. Wananchi wa Ileje wanakimbia makazi yao. Shea mpaka wakubwa waone."

Watu wakashea. Laiki zilikuja kama mvua ya mawe. Wengine waliweka picha za machozi, wengine za ngumi. Mmoja alitaka Malawi yote ifutwe kwenye ramani kabla ya chakula cha mchana. Mwingine alijitolea kwenda vitani, ila aliuliza kwanza kama kuna posho. Kati ya mamia hao, hakuna aliyeuliza mkimbizi gani anayekimbia risasi na mzigo wa kuni kichwani.

Kesho yake Ferista alimkuta Efraimu amesimama juu ya benchi, anasoma habari hiyo mwenyewe, neno moja moja.

"Nilisema mimi. Sikusema?" aliwaambia wenzake. "Sasa damu imechemka."

"Hiyo nimeiweka mimi, anko," Ferista alisema.

Efraimu alishuka. Akavua kofia.

"Wewe? Habari umeitoa wapi?"

"Nina mtu Ileje."

Hakuna aliyeuliza mtu gani. Efraimu alimnunulia soda, akamkalisha katikati ya benchi, na wanaume wazima wakamsogelea kumsikiliza. Mtoto ambaye juzi alikuwa binti wa jasusi, leo amekuwa mkuu wa upelelezi, na cheo hicho alikipata kwa uongo wa mistari mitatu. Ferista alikunywa soda ile polepole ili isiishe.

Jumamosi alfajiri simu ililia. Alikuwa Mama Teresia, dada mkubwa wa Aida. Aida alisikiliza, akasema "Eeh" mara kadhaa kwa sauti ndogo, kisha akakaa sakafuni na simu mkononi.

"Babu yako amefariki," alimwambia Ferista. "Amelala, hakuamka. Wanazika kesho asubuhi."

Kijijini kule hapakuwa na mahali pa kuhifadhi maiti. Kusema kesho asubuhi kulikuwa ni kesho asubuhi, asingengojwa mtu. Aida alijifuta uso, akafunga mkeka, unga na sufuria, wakashika njia ya stendi.

Gari la Ikinga lilikuwepo, Noah nyeupe ya Saidi, ambaye wengi walimwita Baba Bushra. Lakini milango ilikuwa imefungwa, na Saidi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari lake anakunywa kahawa.

"Pole sana, dada," alisema alipoelezwa. "Innalillahi. Lakini siendi. Tangu jana gari limelala hapa. Huko kuna vita."

"Vita vya nani? Nimezungumza na dada yangu alfajiri hii. Hakutaja vita."

"Amefiwa na baba, dada. Atakumbuka kutaja vita?"

Saidi alitoa simu yake, akamwonyesha picha. Ferista, aliyekuwa nyuma ya mama yake, aliitambua kabla haijageuzwa vizuri.

Aida aliishika simu, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu wa mbele ndiye dada yangu mwenyewe, Mama Teresia. Na kitenge hiki nilimpa mimi. Hawa wanakwenda msibani, Baba Bushra. Tazama kuni hizi. Tazama mikeka."

"Dada, hapo chini imeandikwa. Wewe unasema kwa sababu una haraka ya kufika. Aliyeandika yuko huko huko, anaona."

"Aliyeandika ni nani?"

"Binti Mzalendo."

Aida alimpigia dada yake. Simu haikupatikana, kwa sababu Ikinga mtandao ulishikwa mlimani tu, na Mama Teresia, baada ya kupiga ile ya alfajiri, alikuwa ameshashuka kwenda maombolezoni. Akapiga tena. Akapiga tena. Watu wengine waliokuwa wakienda Ileje walikusanyika na mizigo yao, wakaitazama picha ile, wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Dereva wa gari la pili alisema hata alipwe mara mbili hatatia pua yake huko.

Efraimu naye alitokea, kwa kuwa penye watu hakosekani, na Jairo alikuwa nyuma yake.

"Mama Ferista, nchi iko vitani," Efraimu alisema kwa sauti ya redio. "Mambo ya binafsi yasubiri. Wakati huu tunahitaji moyo."

Aida alimgeukia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo hakuwa na maneno ya kupoteza.

"Shemeji, tangu Juni nakusikia unatafuta njia ya kwenda vitani. Gari hili hapa, na linaelekea huko huko. Panda na mimi. Nauli nakulipia."

Watu wakamtazama Efraimu. Efraimu akatazama saa.

"Ningepanda. Ila kuna Mzambia ananisubiri na kwacha zake, nilimwahidi."

"Na wewe, Jairo?"

"Mimi, mama, kibanda nimwachie nani? Simu za watu."

"Jeshi zuri," alisema Aida. Akakaa juu ya mkeka wake uliofungwa, pale chini stendi, akafunika uso kwa kitenge. Mabega yakaanza kumtikisika.

Ferista alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia mbele ya watu. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Binti Mzalendo hakuwa na uso wala nyumba. Angeweza kulifuta jina lile, akabaki na heshima yake yote kule benchini, na mama yake angekaa pale juu ya mkeka mpaka baba yake azikwe. Akaenda mbele ya Saidi.

"Shikamoo, Baba Bushra."

"Marahaba. Mpeleke mama nyumbani, mwanangu."

"Hiyo picha niliiweka mimi. Binti Mzalendo ni mimi. Hakuna vita. Nilidanganya."

Aida aliondoa kitenge usoni.

Ferista alichukua simu ya mama yake, akatafuta ujumbe wa Teresia, akampa Saidi. Dereva akasoma kwa sauti ili kila mtu asikie: "Tunaenda msibani ng'ambo, mzee wa kanisa amefariki. Maji yanafika magotini tu." Akaweka picha mbili pamoja, ile ya Teresia na ile ya Facebook. Mto uleule, wanawake walewale, kuku yuleyule kwapani.

Maneno yakaanguka kutoka kila upande. Mtoto gani huyu. Mtoto wa nani. Kubwa kuliko zote ilikuwa sauti ya Efraimu.

"Mtoto huyu ni wa kufungwa. Anatia hofu taifa zima."

"Juzi ulimnunulia soda," alisema Jairo.

"Sikujua."

"Hukuuliza," Saidi alisema. "Mimi pia sikuuliza. Tofauti ni kwamba mimi nitakwenda Ikinga, wewe utakwenda kwa Mzambia wako." Akafungua milango ya gari. "Jamani, Ileje, Itumba, Ikinga. Wafiwa wakae mbele."

Watu walicheka, wakarudi na mizigo yao. Efraimu alivuta kofia yake machoni, akaondoka akisema ana kazi.

Aida hakumpiga Ferista. Hakumtukana. "Panda," alisema tu, na njia yote, tangu walipoacha lami pale Mpemba mpaka vumbi lilipowageuza wote kuwa wekundu, hakusema neno jingine.

Palipokuwa na mtandao, Ferista aliifuta picha. Akaandika: "Habari niliyoweka ilikuwa ya uongo. Wale ni akina mama wanakwenda msibani. Naomba radhi." Ukweli huo ulipata laiki tatu. Mtu mmoja mwenye picha ya simba badala ya uso wake aliandika, "Wamalawi wamekulipa kiasi gani?" Na ile picha, ambayo wengine walikuwa wameshainakili, iliendelea kuzunguka kwenye makundi mengine, kila kundi likiongeza wanajeshi.

Jua lilikuwa linazama walipofika mtoni. Hapakuwa na mwanajeshi. Alikuwepo mwanamume mmoja aliyekuwa akiosha baiskeli yake katikati ya maji. Alipoona mkeka na sufuria, aliiacha baiskeli, akampokea Aida mzigo.

"Poleni sana," alisema kwa Kindali. "Piteni hapa, huko kuna utelezi."

Walimkuta babu amelazwa ndani, na wanawake wa kingo zote mbili wamejaa uani, huwezi kujua yupi wa wapi. Asubuhi walimzika. Aida alitia udongo kaburini kwa mkono wake. Alipomaliza, alimtazama Mama Teresia.

"Shangazi Enesi yuko wapi? Sijamwona tangu jana."

Enesi alikuwa dada pekee wa marehemu, bibi kizee aliyeolewa Msangano, wilaya ya Momba.

"Hakuja," alisema Mama Teresia. "Wajukuu walimwonyesha picha kwenye simu, kwamba huku watu wanakimbia. Walimfungia ndani wasimpoteze. Amelia usiku kucha."

Ferista alisikia. Kaka mmoja, dada mmoja, na kaburi tayari limefunikwa. Hakuna kitu cha kufuta hapo.

Jioni Aida alimwita pembeni ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu stendi akasema naye.

"Wale watu wa kwenye simu hawajui mto huu una kina gani. Hawajui Kindali. Hawajawahi kula msibani hapa. Ujinga wao nausamehe, maana hawana kitu kingine. Lakini wewe ulijua. Ulijua zile kuni ni za nini. Mjinga akisema uongo anaweza kuwa amekosea njia. Wewe uliiona njia, ukawaelekeza watu shimoni ili wakupigie makofi. Kwa hiyo kosa lako ni kubwa kuliko lao."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimezika. Utamwomba yule ambaye hakuzika."

Msiba ulipoisha, walipitia Tunduma bila kulala, wakaenda Msangano. Bibi Enesi alikuwa amekaa mlangoni kwake na kitambaa cheusi kichwani. Ferista alipiga magoti, akamwamkia, akamweleza yote, tangu benchi mpaka kaburi. Hakumtaja Efraimu kama sababu.

Bibi Enesi alikaza kitambaa chake kichwani.

"Hao waliokupigia makofi," aliuliza, "kuna hata mmoja aliyekuja kunipa pole?"

"Hakuna, bibi."

"Unawajua majina?"

"Siwajui. Wengi wanaweka picha za simba."

"Basi umenizuia kumzika kaka yangu ili uwafurahishe watu wasio na majina." Alisema bila hasira, kama mtu anayepima unga. "Haya. Inuka, kaa hapa. Nieleze alivyozikwa. Uso wake ulikuwaje?"

"Ulikuwa umetulia, bibi. Kama amesinzia."

"Waliimba nini?"

Ferista alimtajia nyimbo mbili alizozisikia. Akamweleza kitambaa alichofunikwa, na watu aliowaona, wa Ikinga na wa ng'ambo, na jinsi kaburi lilivyoelekezwa upande wa migomba yake. Bibi Enesi alifumba macho, akawa anaona.

"Na kabla hajafa, aliniulizia?"

Ferista alifungua mdomo. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Uso wa kizee yule ulikuwa unalingoja neno hilo, na kulisema kungempendeza kuliko yote aliyokwisha kusema.

"Hilo sikulisikia, bibi," alisema. "Sikuwepo. Nitamuuliza Mama Teresia, yeye ndiye aliyekaa naye, halafu nitakuja nikwambie."

Bibi Enesi alifumbua macho, akamtazama, kisha akamgeukia Aida.

"Huyu sasa anaweza kutumwa," alisema. Akamshika Ferista mkono. "Sikiliza, mjukuu wangu. Habari hupelekwa namna hiyo. Uliloliona, sema umeliona. Usilolijua, sema hulijui, hata kama mtu anatamani kulisikia. Na kama neno lako linaweza kumfungia mtu mlango, lifikirie mara mbili kabla halijatoka, maana likishatoka huwezi kulikimbilia. Wapigao kelele za vita wamekaa. Wanaovuka mto ni sisi. Sasa nenda kanichotee maji, tupike, mmetoka mbali."

Ferista alichukua ndoo, akaenda.